Kwa Nini Nyumba Yangu Hainukii Udi

Wala si kweli, Dada Raya, kwamba mimi na Haji tumegombana. Simu ilikatika kabla sijakujibu, na nilipopata chaji tena mama mkwe alikuwa ameshakaa karibu nami anachambua mchele, nikashindwa kusema. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia, na barua hii nitampa jirani yetu anayepanda boti kuja huko Pemba. Huyo aliyekuletea habari kwamba nyumba ya bibi harusi wa Haji haifukizwi udi hakusema uongo. Chetezo kipo chini ya kitanda, nimekifunga kwenye kanga. Ule udi ulionipa umo kwenye kikopo chake, sijaugusa tangu fungate ilipokwisha. Asumini sivai. Hata mafuta ya nywele sipaki. Lakini sababu yake si Haji, ni kima.

Shikamoo, Dada yangu. Nisamehe kwa kutanguliza maneno kabla ya salamu, wewe uliyenifundisha kwamba salamu ni nusu ya kushiba. Hujambo na watoto? Shemeji kifua chake kimetulia, au bado anakohoa alfajiri? Na bibi, mguu wake unamruhusu kutoka uani? Sisi huku wazima wa mwili. Moyo wangu ndio umechoka, na sina wa kumwambia ila wewe uliyenilea.

Ningependa nikuandikie furaha tu, maana furaha ninayo, Dada, tena nyingi mpaka naona haya. Ulinambia mapenzi huja polepole baada ya ndoa, kama maji kisimani. Kwangu yalikuja kama mvua ya masika. Haji akimenya chungwa, ganda lote hutoka kwa mkato mmoja, na kipande cha mwanzo hunipa mimi, hata kama mama yake amekaa hapo. Mara nyingine namwita bila shida yoyote. "Haji." Naye huko aliko, hata akiwa juu ya mti anakata majani, huitika, "Naam." Namwita ili nisikie tu hiyo naam yake. Akija akiniuliza nilichotaka, nasema nimesahau, naye anajua kwamba sikusahau kitu.

Siku hizi nikimwita, mara nyingine haitiki. Si kwa hasira. Hanisikii.

Hebu nikueleze kwa utaratibu, maana siku uliponileta hukupata nafasi ya kupaona kazini kwake. Ni bustani ndogo ya wanyama, kando ya barabara inayokwenda Jozani, mali ya mtu wa huku huku, na ina kibali. Huletwa wanyama waliopatikana na shida: kobe waliofugwa kwenye nyua za mjini mpaka magamba yakapinda, komba waliofungwa kamba shingoni, paa aliyevunjika mguu. Haji ndiye mlishaji wao. Na yupo kima punju mmoja, jike, hajazidi ukubwa wa paka, ambaye aliokotwa barabarani akiwa amekumbatia kifua cha mama yake aliyegongwa na gari. Kima hawa huko kwetu hujawahi kuwaona. Mgongo wake mwekundu kama udongo wa shamba, nywele za kichwani nyeupe zimesimama kama za bibi aliyeamshwa usingizini ghafla, na mkono wake hauna dole gumba. Jani hulishika kwa vidole vinne, na mara nyingi humponyoka. Haji alimlea akimbeba ndani ya shati, anafyeka naye, anafagia naye.

Wenzake wakampachika jina, Bi Mkubwa, kwa maana kwamba ndiye mke wa kwanza wa Haji. Unamkumbuka yule mzee mwenye ndevu za hina aliyekuwa mlangoni siku uliponileta, aliyesema, "Karibu, mke mdogo"? Ulimgeukia kwa hasira ukadhani Haji ana mke ametuficha. Yule ni Mzee Makame, wanafanya kazi pamoja. Akakwambia, "Usinune, bibie, mke mkubwa anakula majani tu, hataki kanga wala kiatu." Watu wakacheka, na wewe mwisho ukacheka, ingawa ulibakisha nusu ya kununa kwako.

Masihara hayo, Dada, ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Ya fungate sitakuandikia yote. Mengine unayajua na mengine ni yangu. Nitakwambia tu kwamba kwa siku saba hatukujua jua limefika wapi ila kwa sinia zilizokuwa zikiingia. Mama mkwe alizichukua simu zetu akazifungia kabatini, akasema, "Maharusi hawana wa kuzungumza naye ila wao wenyewe." Nilimpenda kwa neno lile. Nilimwona Haji amelala mchana, mkono wake juu ya mto wangu, chumba kizima kina moshi wa udi wako, nikasema moyoni, Mungu wangu, siku hizi zisiishe.

Nje, Mzee Makame ndiye aliyeachiwa ulishaji. Haji alikuwa amemwambia wazi: majani machanga ya mkungu na ya mwembe, na kipande cha mkaa, basi. Usishangae mkaa. Kima wa msituni huenda wenyewe kwenye matanuri ya wachoma mkaa wakaiba vipande wakatafuna, kwa sababu majani wanayokula yana ukali na mkaa huutuliza tumboni. Mzee Makame aliyatimiza yote hayo. Ila kila sinia ilipotoka kwetu na mabaki yake, alitenga fungu. Mwanamume akioa tena, mke mkubwa hupewa chake ili asione kasahauliwa, ndivyo watu walivyozoea. Basi akampelekea Bi Mkubwa kipoza moyo, leo ndizi mbivu, kesho mkate wa kumimina, keshokutwa halua. Watu walikwenda kutazama kima anavyokula halua ya harusi ya mumewe. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na naye alipenda. Aliyaacha majani yakanyauka, akawa anangoja sinia.

Kisha tumbo likajaa. Mzee Makame alipoona hali ile alikuja nyumbani kumtafuta Haji. Alifika barazani, akamkuta mama mkwe, wakanong'ona. Haya nimeyajua baadaye. Mzee alisema, "Yule kima hayuko sawa, mwite kijana." Mama mkwe akamjibu, "Kima ni kima, Makame. Mwari hagongewi mlango." Naye akaona ni kweli, mlango wa fungate haugongwi kwa ajili ya kima, akarudi akampa ndizi nyingine apate nguvu.

Mimi nilikisikia kikohozi chake barazani, Dada. Haji akanyanyua kichwa, akasema, "Kama Mzee Makame yule." Nikamwambia, "Kafuata biriani." Tukacheka.

Siku tuliyotoka, Haji alivaa kanzu mpya, kofia ya mkono, udi umemwingia mpaka kwenye nyusi. Nikamfuata nyuma na buibui langu, nimeshika kanga moja ya mzaha, zawadi yangu kwa mke mwenzangu. Tulikuta amejikunja pembeni mwa banda, tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani, manyoya yameshikana. Haji akamwita kwa ule mlio anaomwitia, ulimi kwenye meno. Kima akageuza uso. Haji akaingia akapiga magoti na kunyoosha mkono. Bi Mkubwa akanusa, akatoa kilio chembamba, akajiburuta mpaka wavu wa mwisho na kumpa mgongo.

Hakumjua. Alinusa udi na asumini akadhani ni mtu mwingine, akamkimbia yule aliyemlea kifuani.

Haji alivua kanzu pale pale akaenda kisimani. Alijisugua kwa mchanga na makumbi, nikammwagia maji mimi mwenyewe, akarudi na fulana. Haikusaidia. Udi hautoki kwa siku moja, wewe unajua, upo kwenye nywele, kwenye mito, kwenye kuta. Ndipo nilipokifunga chetezo. Hakuniomba. Nilikifunga kwa sababu nilimwona amesimama nje ya banda, maji yanamchuruzika, ananusa mikono yake mwenyewe.

Nilikuwa nimeota safari yangu ya kwanza ya mjini na mume wangu. Nilitaka anipitishe Mji Mkongwe, tutazame milango, tununue urojo, nimsikie akinambia hapa nilisoma, hapa nilipigwa na mwalimu. Tulikwenda mjini, ndiyo, tukiwa na kinyesi cha kima ndani ya kopo la samli. Tulimtafuta daktari wa wanyama wa serikali ofisini tukaambiwa ametoka, tukamfuata kwake Kikwajuni, tumesimama ngazini na kopo letu, harufu imetutangulia. Haji akasema kwa upole, "Nisamehe, mke wangu, matembezi yenyewe ndiyo haya." Nikamwambia kwamba hata kopo likiwa katikati yetu, mimi ni bibi harusi. Akatabasamu. Ndilo tabasamu lake la mwisho ninalolikumbuka.

Daktari alikuja siku ile ile, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimpima Bi Mkubwa, akasema tumbo la kima huyu ni la majani, limeumbwa kuchachusha majani taratibu, na sukari ikiingia humo huumuka kama unga wa maandazi. Apewe majani machanga, mkaa uliopondwa, maji, na utulivu. Haji akamuuliza kama atapona. "Siwezi kukuahidi. Akianza kula atapona. Asipokula hatafika mwisho wa mwezi." Kisha akauliza, "Mwongozo wenu wa matunzo uko wapi?"

"Upo kichwani," Haji akasema.

"Na hicho kichwa kilikuwa wapi wiki nzima?"

Mimi nikainamisha uso. Mzee Makame akajibu kwa sauti ndogo, "Kilikuwa harusini, Bi Daktari." Hakuna aliyecheka.

Akatuambia tuandike, kila mnyama na haki zake, ili mtu yeyote akiingia pale, hata mgeni, ajue la kufanya, na yeye daktari akirudi aukute mwongozo huo tayari. Basi kila alasiri tunakaa kwenye mkeka, Haji anasema, mimi naandika, maana unajua mwandiko wangu ulisifiwa skuli. Mzee Makame huja naye, hukaa ukingoni kabisa mwa mkeka kama mtu aliyekuja kudaiwa.

Siku ya kwanza alisema, "Andika hivi: kima asipewe pilau."

"Na biriani je, Mzee?" nikamuuliza.

"Biriani si ndugu yake pilau."

"Na maandazi?"

"Ala, mtoto huyu. Tutaandika mapishi ya Unguja nzima?"

Haji akasema tuandike kwamba mnyama asipewe chakula cha watu, hata siku ya furaha ya watu. Nikaandika. Mzee Makame akalitazama lile neno furaha mpaka wino ukakauka. Akasema, "Mimi nilimpa kwa mapenzi." Haji akamjibu, "Najua, mzee wangu." Yule mzee akajifuta macho kwa kofia, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Tuliandika kwamba majani yakatwe siku hiyo hiyo na yasilazwe. Kwamba mlishaji asijitie manukato akienda bandani, hata ya Idi. Kwamba wageni wasikaribie na ndizi. Lililotugombanisha ni moja. Haji alitaka iandikwe kwamba mnyama akiugua, mlishaji wake aitwe popote alipo. Mama mkwe alikuwa anasuka ukili pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Popote?"

"Popote, mama."

"Hata fungate?"

"Hata fungate."

"Karatasi ya serikali hiyo, mwanangu. Watu wasome kwamba huku kwetu maharusi hugongewa mlango?"

Nilimwona mama mkwe akisuka mistari kadhaa na kuifumua, akisuka tena na kufumua. Kwani yeye ndiye aliyemrudisha Makame barazani, na tangu siku ile hajamtaja kima kwa jina. Mwisho akasema, "Andika agongewe. Lakini agonge mtu mzima, na akohoe kwanza. Na kikohozi kisipoitikiwa, agonge kwa nguvu." Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Daktari akitaka kulifuta alifute mwenyewe.

Sasa sikiliza hali yenyewe ilivyo leo. Haji anakaa nje ya banda kutwa. Anavaa fulana ya kazi ya tangu zamani, ananyoosha jani la mkungu kupitia wavuni mpaka mkono unamfa ganzi, na Bi Mkubwa anampa mgongo. Juzi nilimpelekea Haji chai, nikakaa karibu yake, mikono yangu myeusi kwa sababu nilikuwa napondaponda mkaa. Nikaokota jani lililoanguka. Yule kima akageuka, akanitazama kwa macho yake ya kizee, akaja taratibu. Akashika kidole changu kwanza, Dada, kwa vile vidole vinne, akakinusa, kisha akachukua jani akalitafuna. Nafikiri ni harufu ya mkaa. Nikamgeukia Haji kwa furaha, na uso wake ulinikata maini. Alifurahi, tena alifurahi kweli, lakini alikuwa kama mtu aliyeona mtoto wake akimwita mwingine baba.

Jana alikula majani mawili kwangu, akatapika. Leo hajala. Tumbo halijashuka. Nimelia chooni ili Haji asinione, naye najua analia kisimani ili nisimwone mimi, na mama mkwe anatuona wote wawili na anaendelea kusuka ukili.

Hajanilaumu hata kwa nusu ya neno. Hilo ndilo linaloniogopesha. Natamani anikaripie, aseme siku saba zile zimemgharimu, nimjibu, tugombane kama majirani wa huko wanavyosema, yaishe. Badala yake ananimenyea chungwa, ananipa kipande cha mwanzo, na macho yake yako bandani. Akifa huyu kima, Haji hatanichukia, moyo wake hauna nafasi ya chuki. Lakini siku zangu saba, Dada, zile nilizomwomba Mungu zisiishe, zitakuwa na kaburi ndani yake, na kila nikitaka kuzikumbuka nitalikuta hapo. Niombee. Mwambie bibi aniombee, dua yake haina kizuizi. Usione haya kumwambia ni dua ya kima.

Sasa kuhusu kuja. Najua mmeshangaa bibi harusi gani huyu asiyerudi kwao kuonyesha uso, na najua majirani wameshanipa talaka. Nilikuwa nimepanga nije na Haji. Nilitaka umwone akiwa ametulia, si kama siku ile ya harusi alipokuwa akitokwa jasho. Nilitaka apite nami sokoni ili wale niliosoma nao wamtazame. Lakini mwongozo wetu unasema mnyama asiachwe bila mkono anaoujua, na kila mnyama azoee mikono ya watu wawili. Tumeuandika wenyewe. Hatuwezi kuwa wa kwanza kuuvunja. Kwa hiyo kila asubuhi nakaa na Haji bega kwa bega, nampaka mkaa viganjani kama nilivyopakwa hina mimi, ananyoosha jani lake karibu na langu, na tunangoja achague.

Nisalimie Shemeji, mwambie asali na tangawizi, asidharau. Nisalimie bibi, umbusu mkono kwa niaba yangu. Salamu kwa Shangazi Mize aliyenisinga mwili kabla ya harusi, mwambie liwa yake ilinukia mpaka ikaleta balaa, naye atacheka. Wabusu watoto, na yule mdogo mwambie mke mwenza wangu mimi khalati yake ana mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe. Mama mkwe anakusalimu, ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia salamu. Haji anakuamkia, ingawa hajui kama nakuandikia.

Kuja nitakuja, Dada, na siku hiyo usinitazame mimi, tazama nani ameshuka nami. Ukiniona bandarini na Haji pembeni yangu, amenibebea begi, amependeza, usipige kigelegele. Nishike mkono tu, unipeleke nyumbani, maana ujue Bi Mkubwa ametuacha na hakuna tena wa kubaki naye. Lakini ukiniona nashuka peke yangu, bila mume, begi langu kichwani, na wale wa sokoni wanaguna kwamba nimeachwa, waache wagune. Piga kigelegele chako chote, Dada, na uwashe chetezo tangu mlangoni, kwa sababu ujue amekula mkononi mwa Haji, na Haji wangu amebaki kumlisha. Kwa lolote kati ya hayo mawili, mwezi huu hautamalizika kabla hujaniona.

Mdogo wako uliyemlea,
Zuwena